Fulana Zenye Mishono Nje

Bibi fundi alikuwa ndiyo kwanza amekunja fulana ya kumi na mbili, mwenyekiti wa kamati akaingia. Akaichukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, ndani umeweka nje! Mishono yote inaonekana! Na lebo zinaning'inia mgongoni!"

Bibi akavua miwani. Kweli kabisa. Mwaka wa nne sasa alikuwa akimshonea mjukuu wake hivyo, ndani laini tupu, maana Pamba, ndivyo walivyomwita, uzi mmoja tu ukimgusa ubavuni hulia mpaka anatapika. Mikono ilishazoea, ikajiendea yenyewe.

"Tunapanda mlima kuwachangia watoto kama mjukuu wako chumba cha utulivu shuleni," mwenyekiti akasema. "Kesho picha zitapigwa. Watu watatucheka. Fumua, mama yangu."

Kufumua haikuwa shida. Shida ilikuwa Pamba. Mama yake, binti wa bibi, alikuwa miongoni mwa wapandaji, na mtoto, ambaye hakuwahi kumsindikiza mtu penye watu wengi, alikubali kwenda kumuaga kwenye basi kwa sharti moja: avae fulana sawasawa na ya mama. Zikitofautiana hata kidogo, haendi.

"Baba, hebu kaa," bibi akasema. Akapachika lebo ya nailoni ndani ya kola ya shati la mwenyekiti, kwa nyuzi mbili, shingoni kabisa. "Nisomee majina ya wapandaji wote. Usipojikuna mpaka mwisho, nafumua."

"Hilo tu? Umeliwa!"

Jina la nne, akapindisha shingo. La saba, bega likapanda, likashuka. La tisa, mkono ulishafika kolani.

"Umeniachia sindano humu!"

"Sindano hii hapa." Ilikuwa imechomekwa kifuani pa bibi mwenyewe. "Hiyo ni lebo, baba. Dakika mbili tu. Mwenzio ni siku nzima, halafu tunamwambia anadeka."

Mwenyekiti akajikuna tena, akazitazama fulana zilizokunjwa.

"Yangu ni ipi?" akauliza.

Asubuhi Pamba alifika mpaka mlangoni mwa basi, viganja masikioni. Akatoa kimoja, akafuata kwa kidole mshono wa begani mwa mama yake, kisha wa kwake, polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Nenda. Bibi, turudi nyumbani."

Alikuwa amekaa pale dakika kumi na moja. Bibi alizihesabu zote.