Zamu ya Muhsina Mlangoni

Muhsina alikuwa uani akifua kanzu ya mumewe, na upindo wake ukawa unatoa matope meusi. Kijiji cha Sidab, kando ya Maskati, hakikuwa na matope. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka juzi, maji yenyewe ya kufulia yaliletwa na punda, na ardhi yote pale ni jabali na changarawe. Akaisuuza tena. Yakatoka majani mabichi na vishonanguo.

Wifi yake, Sayyida, alikuwa amekaa jamvini akichambua papa mkavu.

"Huyo kaoa," alisema Sayyida. "Kaka yangu namjua. Kaoa mjini Matrah."

"Matrah kuna tope?"

"Basi kaoa mwenye bustani."

Muhsina akainusa kanzu. Alitafuta udi, akatafuta mafuta ya asumini. Alichokuta ni harufu ya kondoo walioroa.

"Mwanamke gani huyu ananuka kondoo?"

"Wapo, wifi yangu. Na waume wanawapenda vivyo hivyo."

Muhsina hakucheka. Alikuwa na wivu tangu usichana, na hajapata kuuonea haya.

Mumewe, Marhoon, alikuwa mwalimu. Walipokuwa bado Unguja alipelekwa Uingereza kusomea kazi hiyo, akapanga chumba katika kijiji cha wakulima, na mapinduzi yalipotokea yeye alikuwa huko. Muhsina alipanda meli kuja Maskati na binti yao, Mahfoudha, wa miaka sita. Mtoto alishikwa na homa baharini. Alimwita baba yake mpaka mwisho, akafia mapajani mwa mama yake, wakamsalia na kumteremsha majini. Marhoon alifika baada ya mwaka mzima. Hakuuliza kitu, na jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani mle.

Siku hizi, kila akishasali alasiri, Marhoon alivua makubadhi akavaa viatu vya ngozi, akatoka kwa mlango wa nyuma unaotazama jabali. Alirudi adhana ya magharibi ikianza.

Siku ile ya kanzu Muhsina alijitanda buibui akamfuata mpaka mlangoni. Nje palikuwa na njia nyembamba ya miguu, imekata katikati ya shamba la ngano. Mbele yake palikuwa na ua wa miti ya miba, na ngazi fupi ya mbao ya kuuvukia. Kulikuwa na rasharasha, lakini haikuvuka kizingiti. Marhoon alipofika kwenye ngazi alinyoosha mikono, akamvusha mtoto aliyekuwa akimngoja upande wa pili.

Mtoto alikuwa amekua. Meno ya mbele yalikuwa yameshaota. Muhsina alimjua kwa mwendo, kwani vidole vya miguu vilikuwa bado vinatazamana.

"Mahfoudha!" aliita, akatoa mguu.

Mguu ulikanyaga jabali la Sidab, nalo lilikuwa la moto. Njia aliiona, kuikanyaga hakuweza. Mtoto hakugeuka.

Marhoon aliporudi alimkuta mkewe yuko palepale.

"Tangu lini?"

"Tangu huko huko Uingereza," alisema Marhoon, akifungua viatu. "Nilitoka asubuhi moja kwenda kutembea, nikamkuta kakaa juu ya ngazi. Kule kuna njia nyingi. Kuna ya kinu cha kusagia ngano, kuna ya kanisani, kuna ya mtoni. Mtu hupita katikati ya shamba la mwenziwe na hafukuzwi, ndiyo ada yao. Tukazitembea zote. Nilipoondoka zikanifuata."

"Ndiyo ukakaa mwaka."

"Ndiyo."

"Na mimi hukuniambia."

"Ningekwambia nini, Muhsina?"

"Nimemzaa mimi. Nimemuuguza mimi, nimemfumba macho mimi. Leo anatembezwa na wewe!"

Marhoon akaenda kusali.

Asubuhi Muhsina alikwenda kwa Shehe Ishaq, aliyekuwa akiamua mambo ya mke na mume pale Sidab. Alimweleza kwamba mumewe ana pahala anapokwenda kila siku, na yeye hajapewa zamu.

"Ni mke mwenzio?" aliuliza shehe.

"Ni njia. Na mwanangu yumo njiani."

Shehe alikunywa kahawa yake mpaka ikesha.

"Zamu ni haki ya wake," alisema. "Njia sijaiona vitabuni. Lakini uadilifu nimeuona. Leo aende yeye, kesho wende wewe."

Marhoon akaridhia. Hukumu ni hukumu.

Ilipofika zamu yake, Muhsina alikaanga vitumbua, akavaa kanga mpya, akajifukiza udi kama anayekwenda harusini. Akafungua mlango. Palikuwa na jabali, na mbuzi wa jirani wakitafuna boksi. Alikaa kizingitini mpaka magharibi. Vitumbua wakala mbuzi.

Kesho yake Marhoon alirudi amechanika uso.

"Miba imeziba," alisema. "Njia ya kule isipopitwa hufa. Wenyewe huipita hata kwenye baridi, wasije wakaipoteza."

"Maneno hayo. Unaitaka zamu yangu."

"Nnaitaka. Lakini na miba ipo."

Muhsina hakuiacha zamu yake. Alifungua mlango, akaona jabali, akakaa. Akafanya hivyo kila ilipomfika, na hakupika tena kitu. Sayyida alimletea chai palepale kizingitini.

"Wifi, ingia ndani, jua litakuua."

"Zamu yangu haijesha."

"Mke mwenza ungemtukana ukapumua. Njia utaitukana nini?"

Hata siku moja Marhoon alirudi kabla ya wakati, kanzu imepasuka mpaka kiunoni.

"Sikumfikia," alisema. "Yuko nyuma ya miba, namsikia analia. Ananiita."

"Anakuita wewe?"

"Mimi."

Muhsina aliushika upande wa kanzu uliopasuka.

"Nenda kesho," alisema. "Nenda na keshokutwa. Nenda kila siku."

Basi ikawa hivyo. Marhoon alichukua panga la kufyekea, na kwa kupita kila alasiri njia zikafunguka tena. Muhsina alikaa ndani akasubiri habari. Leo wamekwenda njia ya kinu, maji ni mengi, mtoto kavuliwa viatu. Leo ya kanisani, wamekuta kondoo kazaa. Mwisho Muhsina alizijua njia zile kuliko vichochoro vya Matrah. Akijua zinapopinda na zilipo ngazi, na kila alichokijua kilimchoma, kwa sababu alikijua kwa mdomo wa mtu mwingine.

Alishona gauni. Kipimo alikichukua kwenye mikono ya Marhoon, aliyeionyesha hewani: urefu hivi, kiuno hivi. Marhoon alilikunja akalitia kwapani akatoka nalo.

"Limembana kwapani," alisema aliporudi.

Muhsina akashona jingine.

"Hili limekaa. Kazunguka nalo mpaka kachoka. Kauliza nani anashona."

Muhsina akaiweka sindano chini.

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia fundi."

Sayyida alikuwepo, akashika kinywa. Muhsina hakupaza sauti.

"Fundi."

"Ningemwambia ni mama yake angetaka kuja, Muhsina. Na angekuja."

"Basi aje!"

"Akija huku atakuwa maiti. Kule anakimbia."

"Hayo kayasema nani?"

Marhoon akafungua viatu. Alikuwa hajui, na alionekana kwamba hajui, na alionekana vilevile kwamba hatajaribu kumleta. Sayyida aliinama akaendelea na kazi yake. Kaka yake ni kaka yake.

Alasiri ya pili yake Marhoon alifunga viatu, akashika komeo la mlango wa nyuma. Muhsina alikuwa ametandika jamvini kitambaa kizito, cha buluu.

"Muulize," alisema, bila ya kuinua uso. "Mwambie fundi anataka kujua, mikono iwe mirefu au mifupi."

Magharibi Marhoon akarudi.

"Mirefu," alisema. "Kule baridi imeanza."

Muhsina akashika mkasi, akaikata mirefu.