Mtoto wa Dawati la Mbele

Angekuwa mtu baki nisingekasirika hivi. Lakini Firdausi! Firdausi ninayelala naye chumba kimoja pale mtaani Sofu, ninayekula naye sahani moja!

Hapa chuoni kwetu Kibaha, kabla hujapelekwa kwenye shule yenye watoto wa kweli, unafundisha kwanza wenzako. Watu wazima wanakaa kwenye madawati, wanasimama na kukuamkia kama darasa la tatu, na mkufunzi anakaa nyuma na kalamu yake. Ukifaulu, Jumatatu unakwenda shule uliyopangiwa, na mimi nilipangiwa kwetu Kisarawe. Mimi nilishafeli mara moja. Nikifeli tena ndiyo basi, naachishwa chuo na kurudi nyumbani mikono mitupu, ambako mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni mwalimu.

Tatizo langu ni mikono. Nikisimama mbele za watu inatetemeka mpaka chaki inadondoka. Firdausi peke yake ndiye aliyejua, na dawa alinipa mwenyewe: ile fimbo ya kuonyeshea ubaoni niishike kwa mikono miwili, nijifanye mwalimu mkali. Kila jioni tulifanya mazoezi chumbani, yeye kakaa kitandani ndiye darasa. Tukapatana kabisa. Anayekwama aguse ushungi wake, na mwenzake wa dawati la mbele anyooshe mkono aseme, "Mwalimu, naomba urudie hapo." Ukirudia unapata pumzi, kichwa kinarudi mahali pake.

Siku yenyewe mkufunzi wetu, Mwalimu Twalibu, akaja na jipya. Eti na wanaoigiza wanafunzi nao watapewa alama. "Sitaki watoto wa mapambo," akasema. "Nataka wasumbufu, kama mtakaowakuta huko."

Nikaanza vizuri, wallahi. Sehemu za mmea, na mche wa muhogo nimeung'oa mwenyewe shambani kwa chuo. Majani, shina, kufika kwenye mizizi, kichwa kikawa kitupu. Nikagusa ushungi. Firdausi akanyoosha mkono palepale, na mimi moyo ukatulia.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kitoto, "mbona hiyo fimbo umeishika kwa mikono miwili? Au unatetemeka? Hebu iachie tuone!"

Darasa likaangua kicheko. Fimbo ikaanguka. Nikainama kuiokota, nikainuka sina hata neno moja mdomoni. Mwalimu Twalibu alinisubiri, alinisubiri sana, kisha akaniambia nikakae. Halafu, jamani, akamsifu Firdausi! "Huyo ndiye mtoto wa kweli."

Nikamfuata nje bombani. "Firdausi, ndiyo umenifanyia nini?"

"Shoga, usinune bwana. Mle ndani mimi si Firdausi, ni mtoto tu. Mtoto ana kosa gani?" Akacheka na kunigusa bega. Nilitamani kumzaba kibao.

Baada ya chai ikawa zamu yake. Huyu ndiye anayejisifu kwamba hajui wasiwasi ni kitu gani. Alitamba weee, mara kimya. Macho yakamtoka, jasho likamtiririka, na mkono ukapanda taratibu kwenye ushungi. Ananitazama mimi, mimi niliyekaa dawati la mbele.

Neno nilikuwa nalo. Mwalimu, mbona unatoka jasho, au umesahau? Lilikuwa hapa ulimini, tamu kweli. Mwalimu Twalibu akainua kalamu. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba urudie hapo."

Akavuta pumzi, akarudia, akamaliza. Akafaulu. Mwalimu Twalibu akamwambia hapohapo, "Ile nafasi ya Maulida ya Kisarawe imebaki wazi. Jumatatu utakwenda wewe." Nafasi yangu! Watoto wa jirani zetu!

Tulipotoka akanikimbilia, mikono kaitanua, machozi yanamlengalenga. "Mau, umeniokoa! Asante, shoga yangu, sijui nikulipe nini."

Nikaishusha mikono yake, mmoja mmoja.

"Asante ya nini?" nikamwambia. "Mle ndani mimi ni mtoto tu."