Panda ya Chuma

Magurudumu ya mbele ya trekta yalipaa, na Asukile dereva akajikuta anatazamana na mawingu. Akakanyaga klachi haraka. Trekta likarudi chini kwa kishindo, mnyororo ukalegea, na jiwe likabaki palepale, halina hata mkwaruzo.

Watu waliokuja kutazama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Jiwe lenyewe walishalipatia jina, Mwenyeji, kwa kuwa lilikuwako hapo Usangu kabla ya mtu yeyote. Lilikuwa kubwa kama ng'ombe wawili waliolala, tena limelala katikati kabisa ya njia ya mfereji.

"Mzee Mihayo, si nilikwambia?" Asukile alishuka akijifuta jasho. "Kwenye kozi walitufundisha mnyororo ufungwe chini. Wewe umeng'ang'ania juu."

"Nimefunga ng'ombe tangu sijaota ndevu," Mihayo akajibu. "Ng'ombe huvuta kwa bega."

"Trekta halina bega, mzee. Lina makalio tu."

Kicheko kikaanza upya. Na kusema kweli, kosa lile angelifanya Msukuma tu, mtu aliyezaliwa zizini na kukua nyuma ya nira. Kwa Mihayo kila kitu chenye nguvu kilikuwa na bega. Alisimama pale, mnyororo mkononi, masikio yakimwaka moto.

Asingejali kuchekwa, lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshatoa neno: mvua ya kwanza ikikuta mfereji haujapita, kaya za ng'ambo ya jiwe zitahamishiwa kijiji kingine. Na ng'ambo ya jiwe walikaa akina nani kama si wageni, waliogawiwa ardhi wakiwa wa mwisho? Mihayo alikuwa mmoja wao. Alishahama Shinyanga na mifugo yake, akahama tena Tabora. Usangu ilikuwa mara ya tatu.

Nyumbani mkewe Kashindye hakumcheka. Ingekuwa afadhali.

"Baba Limbu, jiwe limekushinda?"

"Halijanishinda. Halijanisikia tu."

Kashindye aligeuka. Alitazama pembeni mwa nyumba, palipokuwa na jiwe lake la kusagia, alilopewa na mama yake siku ya kuolewa. Lilikuwa bado limefungwa kamba, limeegemea ukuta vilevile lilivyoshushwa kwenye mkokoteni. Jiwe la kusagia hujengewa kwa udongo likakaa, likawa sehemu ya nyumba. Kule Tabora alilijengea, kisha akalibomoa kwa jembe huku analia. Akaapa kwamba hatalijengea tena mpaka ajue amefika. Sasa kila jioni alibeba mtama wake kwenda kusagia kwa jirani. Mwanamke mzima, mwenye jiwe lake, anaazima jiwe. Mihayo alimwona akitoka na ungo, na jambo hilo lilimuuma kuliko vicheko vyote vya mfereji.

Kesho yake walifunga mnyororo chini. Trekta halikuinuka, lakini jiwe nalo lilizamisha pua ardhini kama nguruwe anayetafuta mizizi. Kadiri lilivyovutwa ndivyo lilivyojichimbia. Mihayo alichuchumaa mbele yake asubuhi nzima. Hapo ndipo alipomkumbuka baba yake akisomba mawe ya zizi. Baba hakuburuta jiwe hata siku moja. Alikata panda ya mti, gogo lililogawanyika matawi mawili, pua ikiwa imepinda kwenda juu, akalaza jiwe juu yake, ng'ombe wakavuta. Jiwe lilipanda, likabebwa.

"Ila panda ya mti hapa itavunjika kama kijiti," Asukile alisema alipoelezwa.

"Nani kasema mti?"

Wakaenda Mbeya na debe la samli ya Kashindye kuwa malipo, moja kwa moja hadi gereji ya Umakant, mzee wa Kihindi ambaye ua wake ulijaa malori yaliyokufa.

"Hii kitu gani unataka? Jembe?"

"Panda."

"Panda nini?"

Mihayo alivunja kijiti chenye panda, akakipinda pua, akakilaza mezani. Juu yake akaweka nati kubwa, akakivuta kwa uzi, chini chini. Nati ikasafiri kama bwana harusi. Umakant alitazama, akavuta tena mwenyewe. Kisha akaenda kupiga teke chesisi ya lori moja.

"Chukua hii. Meno tatoa kwa springi. Lakini wewe kaa hapa, onyesha."

Walishinda wakigombana juu ya pua ipinde kiasi gani. Jioni Umakant alizima mashine ya kuchomelea, akaizunguka ile panda pole pole, akainusa samli, akasema wameridhishana.

Siku ya siku, wingu lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya Chunya. Waliochimba kuzunguka jiwe ni walewale waliocheka. Asukile alirudisha trekta nyuma, akaisukumiza panda mpaka meno yakaingia chini ya Mwenyeji. Mihayo akainama akafunga mnyororo chini, chini kabisa, mbele ya macho ya watu wote, wala hakuona haya.

Trekta likanguruma. Wanaume wakalalia mitaimbo. Jiwe likatikisika, likasita, kisha likaegemea na kupanda, taratibu, likakaa juu ya chuma. Pua ya panda ilitelezea juu ya ardhi bila kuichimba, na Mwenyeji akaanza safari. Mihayo alitembea kando yake, kiganja juu ya jiwe, akilisemesha Kisukuma kama anavyosemesha ng'ombe wa mbele. Alijivuna, na acha ajivune. Kifua kilimjaa mpaka akashindwa kuimba na wenzake.

"Ndaga, mzee, asante," Asukile alisema walipolitua kando ya shamba. "Kumbe bega lilikuwepo. Lilikuwa chini."

Mihayo alirudi nyumbani giza halijaingia, mfereji ukiwa umeshapita, mikono ikinuka grisi. Kashindye hakuwa mlangoni. Alimkuta ndani, amepiga magoti, udongo umemfika viwikoni, kamba imetupwa pembeni.

"Umesikia?" Mihayo akauliza.

"Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya watu." Hakuinua uso. "Shika huku, lisiende upande."

Mihayo akapiga magoti, akalishika jiwe la mama mkwe wake kwa mikono yote miwili.

"Utasagia leo?"

"Leo bado. Acha likauke." Akapaka udongo kuzunguka jiwe kwa kiganja, akaulainisha, akaulainisha tena, hana haraka. Nje matone ya kwanza yalianza kudondoka juu ya nyasi za paa.