Ngano ya Trăilă

Safari ile niliipanga mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu juu ya ramani, na sikumpa mtu nafasi ya kuigusa. Ijumaa tungetoka kwetu Banat, magharibi mwa nchi, tushuke Oltenia, tulale Slatina kwa binamu ya mke wangu. Jumamosi tungekata Muntenia na nyanda za Bărăgan, na saa nane mchana tuwe ufukweni mwa Bahari Nyeusi. Ilikuwa Julai 2001. Gari lilikuwa la kwanza maishani mwetu, na mimi, Remus, fundi wa vyuma niliyefika miaka arobaini bila kuiona bahari, nililiendesha kama mtu aliyekabidhiwa meli.

Delia, mke wangu, alikaa mbele. Nyuma walikaa binti yetu Ilinca, wa miaka kumi na mmoja, na mama yangu, Saveta. Mama alipakata bakuli lililofunikwa na kufungwa kwa kitambaa.

“Bibi, umebeba nini humo?” Ilinca aliuliza.

“Si chako. Kula mayai.”

Tulipoingia Oltenia nilimchokoza Delia, kwa kuwa ndiko kwao. “Fungeni madirisha, jamani, tumefika nchi ya vitunguu!”

“Nyinyi wa Banat si mnajiita paji la uso la nchi?” alinijibu. “Kweli ni paji la uso. Nyuma yake hamna kitu.”

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho katika safari ile, ingawa wakati huo sikujua.

Jumamosi, tulipoipita Slobozia, joto lilikuwa limetuchemsha. Alizeti kulia, alizeti kushoto, na barabara imenyooka kama uzi. Mama akainama karibu na sikio langu.

“Remus, kabla ya daraja la Giurgeni kuna njia ya vumbi, mkono wa kulia. Nataka tusimame kidogo.”

“Kuna nani huko?”

“Hakuna mtu.”

“Sasa tukamwone nani, Mama?”

“Nusu saa tu, mwanangu.”

Nilitazama saa. Ilinca alikuwa akilalamika tangu asubuhi kwamba bahari haifiki. “Tukirudi,” nikasema. “Jumamosi ijayo, nakuahidi.”

“Msimamishie mama yako,” Delia alisema. “Nusu saa ni kitu gani?”

“Nusu saa ya mama ni saa mbili. Humjui akianza kuongea?”

Njia ya vumbi ikaja, ikapita. Kwenye kioo nilimwona Mama akigeuza shingo kuifuata, akaendelea kuangalia nyuma hata tulipokuwa tayari juu ya daraja, na mto Danubi chini yetu.

Jumapili asubuhi, kule hotelini, Delia alisikia harufu ya uchachu chumbani. Alifungua lile bakuli, kisha akaniita kibarazani kwa sauti ya chini. Ndani mlikuwa na ngano iliyopikwa kwa sukari na jozi, na juu yake msalaba wa unga wa kakao. Kila mtu kwetu anaijua ngano hiyo. Hupikwa kwa ajili ya wafu.

Nilimkuta Mama ameketi kitandani, viatu miguuni. Nikamuuliza ni ya nani.

“Ya Trăilă,” alisema. “Mdogo wangu.”

Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba ana ndugu.

Akanisimulia huku akitazama mikono yake. Juni 1951 askari wa serikali, iliyokuwa ikiwahamisha kwa nguvu watu wa mpakani, walikuja kijijini usiku, wakawapakia kwenye mabehewa pamoja na ng'ombe wao. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. Walishushwa Bărăgan, kwenye uwanja wa miiba, wakaonyeshwa kigingi chenye namba: hapa ndipo nyumba yenu. Walichimba shimo, wakaliezeka kwa matete. Majira ya baridi ya pili homa ikamchukua Trăilă, wa miaka miwili. Babu yangu alichonga msalaba wa mgunga. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, bibi yangu aliapa kwamba ataifuata mifupa ya mwanawe. Hakujaliwa.

“Mbona hukuniambia, Mama?”

“Tulitia saini kwamba hatutasema. Halafu tukazoea.” Akakikunja kile kitambaa. “Pasaka mzee mmoja tuliyekuwa naye kule alikwenda. Amekuta misalaba minne tu imebaki. Wa Trăilă ulikuwa umelegea, akaufunga kwa waya. Nikajiambia, mwaka huu mwanangu ana gari.”

Kutoka pale hadi Giurgeni ni mwendo wa saa mbili. Funguo zilikuwa mezani. Ningezichukua tu, na chakula cha mchana tungekila baharini vilevile. Lakini siku ilikuwa nzuri, Ilinca alikuwa ameshavaa nguo za kuogelea, na nilikuwa nimeisubiri bahari miaka yote ile. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kuung'ata ulimi: “Amesubiri karibu miaka hamsini, Mama. Siku sita zitamfanya nini?”

“Kweli,” alisema. “Nenda na mtoto.”

Wiki ile Mama hakushuka ufukweni. Jumatano alimwomba mwanamke wa jikoni amwachie jiko, akapika ngano nyingine. Ijumaa akaipamba.

Jumamosi tulifika kwenye ile njia ya vumbi kabla ya saa nne. Niliendesha polepole mpaka alipogonga bega langu. Akashuka na bakuli lake, akasimama. Mbele yetu shamba lilikuwa limelimwa, udongo mweusi umegeuzwa upya mpaka ukingoni, bila hata kijiti kilichosimama.

Kando palikuwa na kibanda cha mlinzi wa matikiti. Akatoka mzee mwembamba, kofia mkononi, akauliza tunamtafuta nani.

“Palikuwa na misalaba,” nilisema.

“Ilikuwepo. Trekta limepita Alhamisi. Shamba limepata mwenyewe mpya. Dereva aliitupa mtaroni.” Akamtazama Mama, akaona bakuli, sauti ikapungua. “Mama, nilidhani haina watu. Ulikuwa mti mkavu. Niliuokota, nikaupikia ugali.”

Nikapiga hatua kumwendea, Mama akanizuia kwa mkono.

“Uliiva?” alimuuliza yule mzee.

“Uliiva, mama.”

“Basi.”

Akamgawia ngano, mzee akavua kofia aliyokuwa amesharudisha kichwani, akala amesimama, akasema, “Mungu amsamehe.” Delia na Ilinca wakala. Mimi Mama alinipa mwisho. Alinitazama, hakunilaumu.

“Tulipita hapa Jumamosi iliyopita,” alisema tu.

Kisha akaingia shambani. Alihesabu hatua kutoka kwenye mtaro, akarudi, akahesabu tena kutoka upande mwingine. Kisima alichokuwa akikitafuta kiwe alama kilikuwa kimefukiwa. Mwishowe aliacha kuhesabu, akamwaga ngano iliyobaki kidogo huku na kidogo kule, jinsi mtu anavyolisha kuku.

Njia nzima ya kurudi nilitaka kutubu. Kila mji nilimuuliza: tusimame unywe maji? Tusimame upumzike? “Endesha tu, mwanangu,” alijibu. Oltenia hakuna aliyemtania mwenzake.

Miaka iliyofuata nilimwambia mara tatu turudi. Nilimweleza kwamba nitachomelea msalaba wa chuma ambao trekta halitauweza. “Utausimika wapi?” aliniuliza, bila hasira. Alifariki miaka minne baadaye, mwezi wa Februari. Nilimwandikia kasisi jina la Trăilă chini ya jina la Mama, yasomwe pamoja katika sala za wafu.

Yule mlinzi alituambia kwamba trekta lilianza kazi Alhamisi asubuhi. Alhamisi ile asubuhi naikumbuka vizuri. Nilikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, Ilinca amekaa mabegani mwangu, na wimbi likija tunapiga kelele kwa furaha.