Kuangalia Mbali

Mimi sina subira na maradhi, yawe yangu au ya mtu mwingine. Macho yalipoanza kuniwasha niliyasugua, nikanawa uso, nikaendelea na kazi. Kazi yenyewe ni kusahihisha vitabu vya shule kabla havijachapishwa. Nakaa sebuleni mbele ya kompyuta tangu asubuhi, nawinda nukta zilizopotea na sentensi zilizopinda. Ikafika mahali mstari mmoja nauona miwili, kichwa kinanigonga, machozi yananitoka na wala silii. Hapo ndipo mume wangu akanikokota kwa daktari wa macho.

"Macho yako mazima," daktari akasema. "Unayachosha tu. Mtu akisoma kwenye kioo cha kompyuta husahau kupepesa, macho yanakauka."

Akaniambia nigeuze meza ili dirisha lisimulike kwenye kioo, nipunguze mwanga wa kompyuta, na nipepese macho kwa makusudi. "Halafu kila baada ya dakika ishirini, nyanyua uso utazame kitu kilicho mbali. Tulia hapo kidogo, ndipo urudi kazini."

Sebule yetu ni nyembamba na ndefu kama behewa la treni. Nilipogeuza meza, mbali kwangu ikawa ni kule mwisho kabisa, karibu na mlango wa baraza. Na kule mwisho ndiko alikokuwa anakaa mama mkwe.

Alikuja kwetu baada ya nyumba yake kumwelemea. Mume wangu ndiye mtoto wake pekee, na aliniomba jambo moja tu: mama ajione yuko kwake. Na mimi nilitaka hivyo hivyo, jamani, sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Asubuhi tunaamkiana, mchana tunakula, kisha kila mtu anashika lake. Yeye na nyuzi zake za kufuma, mimi na nukta zangu.

Basi nikaanza dawa. Simu ikilia kunikumbusha, nanyanyua uso, nakaza macho kule mwisho, napepesa kwa nguvu, napepesa tena, narudi kwenye kioo. Haukupita muda mrefu kichwa kikaacha kuniuma. Nikajipongeza mwenyewe, maana mimi kufuata masharti ya daktari si kawaida yangu.

Mama mkwe naye akaanza kubadilika. Kwanza alisogeza kiti, kidogo tu, kama anayekwepa jua. Halafu ikawa simu yangu ikilia yeye ananyanyuka, anakwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha. Mezani akawa anadonoa chakula. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Mimi mzima, mwanangu. Usijisumbue na mimi."

Nikasema moyoni, haya, ndio uzee huo. Nikarudi kwenye sura ya mmeng'enyo wa chakula, ambayo mwandishi wake alikuwa amesahau tumbo.

Asubuhi moja, mume wangu akiwa ameshakwenda kazini, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kiti chake, amevaa viatu vya kufunga kamba, begi liko miguuni.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwangu."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna neno. Nimekaa vya kutosha."

Nikalikamata lile begi. Damu ilishanichemka. "Mama, mwanao atanielewaje mimi? Si atasema nimekufukuza?"

"Kwani hujanifukuza?" Hata sauti hakuipandisha. "Kutwa nzima unanikodolea macho. Simu ikilia tu, unanitazama kama mwizi wa kuku. Halafu unanipepesea, sijui unanicheka, sijui unaniapiza. Na macho mekundu, umelia. Mtu analia ndani ya nyumba yake kwa sababu yangu, mimi nabaki kufanya nini?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

"Mama wee! Ni daktari huyo! Kaniambia niwe naangalia mbali ili macho yapumzike. Kupepesa ni kuyalowesha. Na huu wekundu ni wa kompyuta, nani kalia hapa? Wala sikuwa nakuangalia wewe. Hata kukuona nilikuwa sikuoni! Wewe ulikaa tu pale macho yangu yanapofikia."

Nilidhani tutacheka wote. Hakucheka. Aliweka mikono magotini, akaitazama.

"Hukuwa unaniangalia," akasema.

"Haki ya Mungu tena, mama."

"Hata mara moja."

Nikaacha kucheka, nikajitoa ukutani.

"Afadhali ungekuwa unanichukia," akasema. "Mimi nilishajua nimekukosea kitu, nikawa nakitafuta ni kipi. Kumbe hata sikuwepo."

Niliona aibu, aibu hasa, ile ya kuchoma masikio. Nikaliweka begi chini. Nikavuta kiti changu kutoka mezani, nikakaa mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikamtazama. Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu jembamba. Miezi yote ile chini ya paa moja, na ndio kwanza naliona.

"Hilo kovu ulilipata wapi, mama?"

Akaligusa kwa kidole.

"Mumeo," akasema. "Nilikuwa namlisha, hataki. Akanirushia kijiko, akanipata hapa. Damu ikatoka, na kilio akalia yeye. Hajakuhadithia?"

"Hajanihadithia."

"Atakuhadithia vipi, na yeye ndiye mkosaji." Akaguna, kicheko kikiwa karibu. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.