Pindo la Vidole Vinne

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna gauni la mtoto lililotoka kwenye cherehani yake bila pindo nene la akiba. "Mtoto haombi ruhusa kukua," aliwaambia wazazi wabahili wa kitambaa. Lakini gauni la mjukuu wake mwenyewe, wa miezi miwili, ambaye midomo yake iligeuka bluu kila aliponyonya, alilishona bila pindo. Mkono ulikataa.

Na mkosaji alimjua: ni yeye mwenyewe. Mimba ya mkwewe ilipofika miezi sita, yeye ndiye aliyemwomba amsaidie kuihamishia cherehani yake dirishani. Chuma kitupu! Tangu mtoto azaliwe, jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku moja hospitalini, daktari wa moyo aliwachorea yeye na mkwewe kwenye karatasi. Mwanzo, alisema, moyo hutoa bomba moja tu. Kisha ndani yake huota ukuta unaojizungusha, bomba likawa mishipa miwili: mmoja wa mapafu, mmoja wa mwili. Kwa mtoto huyu ukuta haukuota, na damu zikachanganyika. Ni jambo la nadra.

"Ukuta huo huota lini, daktari?" Bi Pindo aliuliza.

"Kati ya wiki ya tano na ya nane ya mimba. Mtoto mwenyewe hajazidi harage."

"Na mama akibeba kitu kizito mwezi wa sita?"

"Mwezi wa sita moyo umeshajijenga zamani. Hakuna aliyekosea, mama."

Bi Pindo akaangua kilio pale pale, bila aibu. Mkwewe akamshika mkono.

"Mama, kumbe ni ile cherehani? Mimi nikadhani umeninunia kwa kukuzalia mgonjwa."

"Nikununie wewe, mwanangu? Nilikuwa naona haya kukutazama."

Daktari aliwaeleza kwamba Jumatatu watatenganisha njia za damu na kuweka bomba la kupandikiza. Operesheni ni kubwa, hakuficha. Na bomba halikui; mtoto akikua, litabadilishwa.

"Hamwezi kuliachia pindo?" Bi Pindo aliuliza, akijifuta machozi.

Daktari akacheka. "Laiti tungeweza."

Jioni Bi Pindo alitoa kitambaa alichojiwekea mwenyewe, akakata gauni jipya. Mkwewe, mtoto begani, akalipima pindo: vidole vinne.

"Mama, hili si litamfikisha shule?"

"Ndiyo kazi yake," alisema Bi Pindo, akaanza kukanyaga cherehani.