Theluthi ya Kaka

Kaka yetu akinuna, hununa kwelikweli. Tulipouza nyumba ya marehemu mama alitia sahihi kwa sababu Dada alimsihi, kisha akaapa hataigusa senti ya nyumba ile mpaka anaingia kaburini. Mimi kitinda mimba nikadhani ni maneno ya wiki moja. Miaka miwili ikapita, na Kaka, seremala yule, bado anazungukia mtaa wa nyuma asije akakutana na sisi.

Familia nyingine ingegawana, kila mtu akashika lake. Dada alikataa. Alisema fedha za watoto watatu hazigawanywi huku mmoja kanuna, basi zote zikawekwa benki kwa jina lake, zikimsubiri Kaka apoe. Nami nikakubali, maana nani atabishana na dada aliyembeba mgongoni? Zikakaa, zikazaa riba, na riba ikaleta kodi.

Idara ya kodi ilihesabu riba yote kuwa pato la Dada peke yake, ikaijumlisha na kipato chake cha ushonaji, ikampandisha ngazi ya juu kabisa ya kodi. Fedha za nyumba Dada naye aliapa kutozigusa kabla Kaka hajachukua fungu lake. Familia yetu ina viapo vingi kuliko sufuria. Kwa hiyo angelipa kwa akiba yake mwenyewe, ile aliyoidunduliza anunue chumba cha kuweka cherehani zake, na mwenye chumba hangoji kupita Ijumaa.

Tulikwenda kwa afisa wa kodi, mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema kama fedha ni za watatu, basi kila mmoja aje akiri fungu lake, atozwe kodi ya riba yake tu, na hapo haitamuumiza mtu.

"Lakini wawili hamtoshi," alisema.

Nikaenda karakana kwa Kaka. Alikuwa anapiga randa ubao na hakuiacha. Nilimweleza, nikambembeleza, akasema kukiri fungu ni kukubali kwamba nyumba iliuzwa kwa ridhaa yake. Hapo nikampa vidonge vyake.

"Sawa, Kaka. Basi itaandikwa kwamba nyumba ile ilikuwa ya mtoto mmoja, na wewe hukuwa na kwenu."

Randa ikasimama. Niliondoka nikilia kwa hasira, nikijua nimeharibu.

Ijumaa tulikaa kwenye benchi la ofisi ile, mimi na Dada. Aliniambia nisijisumbue, atashonea barazani miaka mingine mitano, mikono bado anayo. Niliumia kuliko kama angenigombeza.

Kaka akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakutusalimu. Aliruka foleni, watu wakanung'unika, akaenda kusimama mbele ya meza ya afisa.

"Mimi ni mtoto wa pili wa nyumba ile," alisema. "Theluthi ni yangu. Niandike."

Afisa alimuuliza kama anaelewa kwamba na kodi ya theluthi hiyo atadaiwa yeye.

"Nidai. Dada yangu amebeba vya kutosha."

Dada akajifunika uso kwa mtandio. Hesabu iliporudiwa, deni lake lilishuka hata akaomba asomewe tena, na aliposomewa tena akacheka kwa sauti mbele ya foleni nzima. Nami nilicheka, kamasi zinanitoka, sikuona haya.

Tulipogeuka, Kaka alikuwa keshafika dirisha la malipo. Yeye aliyeapa kutogusa senti ya nyumba ile ndiye aliyetutangulia kuilipia kodi. Akadai risiti, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, kisha akaja akasimama mbele ya Dada.

"Inuka, twende kwa mwenye chumba," alimwambia. "Njiani uniambie meza ya kukatia vitambaa unaitaka ya urefu gani."